Kufunga Misheni Nje ya Nchi: Mwongozo Kamili wa Siku Nne za Mwisho

Kiangazi kikifika, timu za uinjilisti na kwaya kutoka Mbeya, Kyela, Njombe na hata Dar es Salaam huvuka mto Songwe kwenda kuhubiri kaskazini mwa Malawi. Huenda vizuri. Shida ni namna zinavyorudi.

Malalamiko yanayoletwa kwetu viongozi ni yale yale kila msimu. Waongofu wapya hawana wa kuwalea. Hesabu hazifungi. Spika zimezuiwa forodhani. Mwanakwaya analazwa na malaria kali wiki mbili baada ya kufika nyumbani. Na mchungaji mwenyeji anapiga simu kuulizia kisima alichoahidiwa jukwaani na mtu ambaye hakutumwa na yeyote kuahidi kisima.

Chanzo ni kimoja. Timu huzifanya siku za mwisho kuwa za kuaga, kupiga picha na kununua vitenge, ilhali hizo ndizo siku za kukabidhi. Kazi yote mliyofanya ni mali ya kanisa mwenyeji, na lazima mwiweke mikononi mwake mkiwa bado mko pale, yeye akiwa na nafasi ya kuuliza maswali.

Mwongozo huu nimeuandika kwa timu ya watu 15 hadi 40 iliyoko Karonga au Mzuzu, inayorudi kwa basi kupitia mpaka wa Songwe na Kasumulu. Mnaotoka Zambia kupitia Nakonde na Tunduma, au Burundi kupitia Kobero na Kabanga, fuateni hatua hizi hizi, mkibadilisha majina ya fedha na ofisi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Hakikisheni vyote vipo mezani asubuhi ya siku ya nne kabla ya safari (humu siku zote zinahesabiwa kurudi nyuma kutoka siku ya safari). Kikikosekana kimoja, kitafuteni siku hiyo hiyo.

- Daftari la waongofu na la watu mliowaombea au kuwashauri.
- Orodha ya vyombo mlivyoingia navyo (spika, mikisa, jenereta, vinanda, kamera) pamoja na namba za kiwandani, ile iliyopitishwa forodhani mlipoingia.
- Daftari la mapato na matumizi, na bahasha ya risiti.
- Pasipoti za wote na vyeti vya chanjo ya homa ya manjano.
- Karatasi za gari: kibali cha muda cha kuingiza gari Malawi, na Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ni bima. Wengine hubeba cheti cha homa ya manjano wakidhani ndiyo hiyo kadi. Ni karatasi mbili tofauti, bebeni zote.
- Fomu ya makabidhiano, nakala mbili, yenye nafasi ya sahihi za pande zote mbili.
- Vipimo vya haraka vya malaria, kipimajoto, chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, na dawa mseto chini ya ulinzi wa muuguzi au tabibu wa timu.
- Mifuko ya nguo au viroba vya kushonwa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na mpakani mtaambiwa mwiache.
- Dizeli ya kutosha kufika mpakani, iwe imeingia kwenye tangi kabla siku ya tatu haijaisha.

## Hatua ya 1: Fungeni mlango wa kazi mpya (siku ya nne kabla ya safari)

Kiongozi wa timu atangaze kwamba kuanzia siku hiyo hakuna kijiji kipya, hakuna mkutano wa nyongeza, wala nyumba mpya ya kutembelea. Mkutano wa mwisho wa hadhara ufanyike jioni ya siku ya tatu kabla ya safari, si usiku wa kuamkia safari.

Sababu ni kwamba mtu aliyeokoka usiku wa mwisho anaamka asubuhi na kukuta jukwaa limeng'olewa. Hakuna aliyemwandika vizuri, hakuna mzee wa kanisa aliyemwona uso. Mkutano ukiisha siku ya tatu, mnabaki na muda wa kuwafuata watu majumbani.

Hapa mtapingwa, tena na watu wazuri. Wahubiri vijana watasema Roho bado anatenda kazi. Waelezeni kwa upole kwamba kulea ni sehemu ya kazi hiyo hiyo, na wapeni zamu katika hatua ya tatu.

## Hatua ya 2: Fedha na mafuta

Hili linafanywa mapema kwa sababu kosa la fedha linaweza kurekebishwa siku tatu kabla, lakini haliwezi kurekebishwa basi likiwa linanguruma.

Mtunza hazina akae na mtu mwingine mmoja, wahesabu mambo manne: kwacha iliyobaki, madeni ambayo hayajalipwa (mpishi, mlinzi, aliyewaazima viti, mafundi wa jukwaa), fedha ya njiani, na sadaka mnayotaka kuliachia kanisa. Walipeni wadogo kwanza. Mlinzi wa usiku akiachwa bila malipo, kijiji kizima kitajua kabla hamjafika Songwe.

Kwacha mnayobaki nayo iwe ya chakula cha njiani tu. Ukishafika Mbeya ni kazi kumpata atakayeichukua kwa bei ya haki, na wabadilisha fedha wanaozunguka mpakani huwapunja wenye haraka. Wale waliofungua laini za Malawi watoe salio lote la Airtel Money au Mpamba wakiwa bado mjini, maana mkivuka mpaka fedha hiyo itakuwa imelala huko.

Sadaka kwa kanisa isipitie mfukoni mwa mtu mmoja. Itolewe mbele ya mchungaji, mtunza hazina wa kanisa na mzee mmoja, ikaandikiwe risiti. Hii inamlinda mchungaji kuliko inavyowalinda ninyi. Baada ya wageni kuondoka, maneno ya pembeni huanza, na risiti ndiyo itakayomsemea.

Sasa mafuta. Malawi imekuwa na uhaba wa mafuta wa mara kwa mara kwa kukosa fedha za kigeni, na foleni za vituoni zinaweza kula siku nzima. Dereva ajaze tangi siku ya nne au ya tatu, akipata nafasi tu. Kutoka Mzuzu hadi Karonga ni zaidi ya kilomita 200, na kutoka Karonga hadi mpakani ni karibu kilomita 50. Pigeni hesabu ya safari yote kisha ongezeni robo. Msibebe madumu ya dizeli au petroli ndani ya basi lenye abiria, hata kama mtu anawauzia kwa bei nafuu.

Mmefaulu hapa kama jioni ya siku ya nne mtunza hazina anaweza kusoma mbele ya timu takwimu tatu bila kufungua simu kutafuta: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki.

## Hatua ya 3: Kabidhini watu

Hii ndiyo hatua inayoharibiwa kuliko zote, na ndiyo iliyo karibu zaidi na sababu ya ninyi kwenda. Ipeni siku ya tatu asubuhi na sehemu kubwa ya siku ya pili.

Safisheni daftari kwanza. Madaftari mengi ya mikutano yana majina matupu: "Grace, Mary, James". Majina hayo Karonga yamejaa. Kila mtu aandikwe jina lake na la ukoo, kijiji, jina la mkuu wa kijiji, namba ya simu yake au ya jirani (namba za Malawi huanza na +265), lugha anayoielewa vizuri, na jina la mtu wa pale atakayemtembelea. Msisahau safu ya lugha. Mzee anayejua Kitumbuka peke yake akipelekwa kwenye kikundi kinachosoma kwa Kichewa, hatarudi mara ya pili. Wangonde wa upande wa ziwa Nyasa lugha yao iko karibu sana na Kinyakyusa, kwa hiyo waimbaji wenu wa Kyela na Rungwe wana faida kubwa hapa. Watumieni hao kuuliza na kuandika.

Muulizeni mtu kanisa analotaka. Kaskazini mwa Malawi kuna makanisa mengi, na CCAP, kanisa la Kipresbiteri, kupitia Sinodi yake ya Livingstonia, ina mizizi mirefu huko. Aliyeokoka kwenye mkutano wenu anaweza kuwa amebatizwa CCAP tangu utoto, na mume wake ni mzee wa kanisa huko. Mkimwandika kwa nguvu kwenye kanisa lililowaalika, mnaacha ugomvi ndani ya nyumba na uhasama kati ya wachungaji. Akisema anataka kurudi kwao, mwandikieni barua fupi ya kumtambulisha kwa mchungaji wake.

Nendeni mguu kwa mguu. Wagawanyike wawili wawili: mmoja wa timu, mmoja wa kanisa mwenyeji. Waingie katika kila nyumba, wasalimie, na mgeni aseme maneno haya au yanayofanana nayo: "Mama, sisi tunarudi nyumbani. Huyu ndiye mzee atakayekuwa anakuja kukuona. Anakaa pale karibu na mnada." Kisha mgeni anyamaze, mwenyeji ndiye aombe. Mkiomba ninyi, macho ya mama yule yanabaki kwenu. Akiomba mwenyeji, mama anaanza kumzoea.

Kama orodha ni ndefu kuliko muda mlio nao, anzeni na wajane, wagonjwa, na vijana wasio na ndugu waumini. Wengine waitwe kanisani siku ya pili alasiri wakutanishwe na walezi wao hapo.

Mambo mazito yana njia yake. Katika maombezi watu husema siri: vipigo, ugonjwa, deni, mtoto aliyedhulumiwa. Siri ya mtu mzima isiandikwe kwenye daftari la wote. Muulizeni mwenyewe anataka nani wa pale ajue, na mwende naye kwa huyo mtu. Lakini mtoto akisema anaumizwa, jambo hilo halivuki mpaka mikononi mwenu. Lipelekwe siku hiyo hiyo kwa kiongozi mwenyeji anayeaminika na kwa polisi au ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya. Na lisije kusimuliwa kama ushuhuda Jumapili mkirudi.

Angalieni na urafiki wa vijana. Wiki mbili za kuimba pamoja zinatosha kuzaa ahadi za uchumba. Kiongozi wa vijana azungumze na kila kijana peke yake, amuulize amebadilishana namba na nani na kwa nia gani. Wenye nia ya kweli wapo, nao waende kwa mchungaji na wazazi kwa njia ya heshima. Wasio na nia wamwambie mwenzao kabla ya kuondoka, ana kwa ana.

Mtajua hatua hii imekamilika mkimuuliza mzee wa kanisa mwenyeji jina lolote kati ya majina kumi mtakayoyachagua ovyo daftarini, naye akawaambia nyumba iko wapi. Akikosa matatu, rudini kazini.

## Hatua ya 4: Kabidhini mali

Chukueni orodha ya forodhani na mpange vyombo vyote sakafuni kama ilivyoandikwa. Someni namba moja moja. Hii ifanyike siku ya pili mchana, kukiwa na mwanga.

Tatizo hutokea timu inapoguswa moyo na kuamua kuwaachia wenyeji spika mbili na kinanda. Moyo ni mzuri, lakini vyombo vilivyoingia kwa muda vinatakiwa kutoka. Mkiviacha bila karatasi, mpakani mtaulizwa viko wapi, na mnaweza kudaiwa ushuru au gari likazuiwa. Mkitaka kuacha kitu, mtu wa kanisa mwenyeji aende na mmoja wenu ofisi ya mamlaka ya mapato ya Malawi siku ya tatu, kabla ya hesabu hii, walipie kinachostahili na kupata hati. Kama hakuna muda, rudini navyo, mje navyo mwakani kwa utaratibu.

Kama mlikuwa na kambi ya matibabu, dawa zilizobaki zisiachwe kwa mchungaji wala kwa mama wa ukarimu. Ziorodhesheni kwa jina, idadi na tarehe ya kuisha, mzikabidhi kituo cha afya cha serikali au hospitali ya kanisa iliyo chini ya CHAM, umoja wa huduma za afya za makanisa ya Malawi, na mganga mfawidhi atie sahihi. Zilizokwisha muda zisitolewe kwa mtu yeyote. Muulizeni huyo mganga namna ya kuziteketeza. Antibayotiki iliyobaki kabatini mwa nyumba ya mchungaji itagawiwa nusu dozi kwa kila mwenye homa, na hilo ni hatari ya kweli.

Jengo mlilolala na jiko mlilotumia virudishwe vilivyokuwa au zaidi. Kitasa kilichovunjika kinunuliwe kipya.

## Hatua ya 5: Pitieni ahadi zote

Jioni ya siku ya pili, timu ikae bila wenyeji. Kila mtu aseme ahadi aliyoitoa, kwa nani, na kwa maneno gani. Zote. "Nitakutumia viatu." "Tutaleta mabati." "Mwanao nitamtafutia shule Mbeya." Mwandishi aandike.

Msiwakemee watu hapa, la sivyo watanyamaza. Ahadi nyingi hutoka kwa huruma, na huruma si dhambi. Ila katika maisha ya anayeahidiwa, neno hilo lina uzito kuliko anavyodhani aliyelitamka. Kuna baba anayeacha kuuza mbuzi kwa ajili ya ada kwa sababu mgeni kasema ada itatumwa.

Zigawanyeni katika mafungu matatu. La kwanza ni zile ambazo mtu mmoja anaweza kuzitimiza mwenyewe ndani ya mwezi mmoja: aandike tarehe na jina la shahidi. La pili ni zile zinazohitaji uamuzi wa kanisa lenu, kama mabati au kisima: kiongozi ndiye atakayezibeba. La tatu ni zile zisizowezekana.

Asubuhi inayofuata kiongozi aende kwa mchungaji na wazee, awasomee mafungu yote matatu. Kwa la pili aseme waziwazi: "Hili si ahadi bado. Tutalipeleka kwenye baraza, na tarehe fulani tutawapa jibu, liwe ndiyo au hapana." Kwa la tatu, aliyeahidi aende mwenyewe kwa aliyeahidiwa, akiwa na mzee, aombe radhi.

Ni saa ngumu. Nimeona watu wazima wakikwepa kwa kusingizia kufunga mizigo. Msiwaruhusu.

## Hatua ya 6: Afya, na ubatizo wa ziwani

Siku ya pili kabla ya safari, tabibu wa timu apime joto kila mtu. Mwenye homa, maumivu ya viungo au kutapika apimwe malaria hapo hapo, na akikutwa nayo aanze dawa kabla ya safari. Karonga iko chini, kando ya ziwa, na mbu ni wengi. Wanaotoka Njombe na Makete, kwenye baridi ambako malaria ni kidogo sana, miili yao haijazoea ugonjwa huo, kwa hiyo homa yao isichukuliwe kuwa uchovu. Mwenye kuharisha sana apelekwe hospitali, asipandishwe basi. Malawi ilipata mlipuko mkubwa wa kipindupindu mwaka 2022 na 2023 ulioua zaidi ya watu 1,700.

Timu nyingi huweka ubatizo wa maji mengi siku za mwisho. Kama mtabatiza ziwani, fanyeni asubuhi, kabla upepo wa mwera haujachafua maji, tena mbali na midomo ya mito ambako mamba hukaa. Epukeni sehemu tulivu zenye majani, maana konokono wanaobeba kichocho wanapenda hapo. Aandikwe kila aliyeingia majini, hasa mchungaji anayesimama humo kwa muda mrefu. Orodha hiyo itahitajika katika hatua ya mwisho.

## Hatua ya 7: Kuaga

Sasa ndipo mnaaga, mioyo ikiwa myepesi kwa sababu kazi imekabidhiwa. Iwe jioni ya kuamkia safari, iishe mapema.

Anzeni na mkuu wa kijiji aliyewapokea. Kiongozi, mchungaji mwenyeji na watu wawili watatu waende nyumbani kwake, wakae wanapoonyeshwa, mwenyeji atangulie kusema. Timu ikiondoka bila kumuaga, kanisa ndilo litakalojibu mwaka mzima.

Kwenye chakula cha pamoja, watu wa jikoni waitwe mbele kwanza, kabla ya maaskofu na wafadhili. Akina mama waliosonga nsima (ugali wa huko) alfajiri kwa siku zote hizo majina yao yatajwe moja moja. Jifunzeni kushukuru kwa lugha yao: *yewo* kwa Watumbuka, *zikomo* kwa Wachewa, na kwa Wangonde, *ndaga*, ambayo wengi wenu mnayo tayari.

Hotuba za wageni zisizidi mbili. Fomu ya makabidhiano isomwe kwa sauti, isainiwe mbele ya watu, kila upande ubaki na nakala yake. Asitoe mtu yeyote ahadi mpya kwenye kipaza sauti. Mshereheshaji ajue hilo mapema.

Picha za watoto zipigwe kwa ruhusa ya wazazi, na zisiwekwe mtandaoni zikiwa na majina au na habari za umaskini wa nyumbani kwao.

## Hatua ya 8: Zawadi na mizigo

Nunueni kahawa ya Mzuzu iliyosagwa na kufungwa kiwandani, na vitenge. Hivyo havina usumbufu.

Mbegu, miche, mchele, mahindi na matunda mabichi viacheni, isipokuwa mna cheti cha afya ya mimea. Biashara ya mazao kati ya nchi hizi mbili huguswa na siasa: mwaka 2025 Malawi ilizuia baadhi ya mazao ya Tanzania, Tanzania ikajibu mwezi Aprili kwa kuzuia mazao ya Malawi, kisha zuio la Tanzania likaondolewa. Gunia la mchele mlilopewa kwa upendo laweza kuishia chini ya mwembe wa forodha. Likitolewa, lipokeeni kwa heshima, kisha mwombe mwenyeji awasaidie kulipeleka kwa wajane wa kanisa.

Samaki wakavu wa kula nyumbani, mwulizeni ofisa kabla ya kununua wengi. Vitu vya pembe au ngozi za wanyamapori msiguse kabisa. Na kila mtu afunge begi lake mwenyewe, asibebe kifurushi cha mtu asiyemjua.

## Hatua ya 9: Siku ya mpaka

Malawi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Saa nne asubuhi Karonga ni saa tano Kyela. Karibu na mpaka simu hunasa minara ya upande wa pili na kubadilisha saa zenyewe, watu wakachelewa au wakagombana bure. Ratiba yote iandikwe kwa saa ya Malawi hadi mtakapovuka, na mtu mmoja avae saa ya mkononi. Ulizeni siku iliyotangulia mpaka unafungwa saa ngapi, kisha mpange kufika mchana, si jioni.

Taratibu ni hizi, kwa mpangilio huu:

1. Angalieni muhuri wa kila pasipoti jana yake. Siku zinazohesabiwa ni zile alizoandika ofisa. Aliyezidisha aende uhamiaji na kiongozi, akiri na kulipa faini rasmi kwa risiti.
2. Uhamiaji Malawi: wote washuke, wapange mstari, kila mmoja na pasipoti yake mkononi.
3. Forodha Malawi: dereva afunge kibali cha muda cha gari. Hili husahaulika sana, na gari hilo likirudi mwakani hukutwa na deni.
4. Vukeni daraja. Kwacha iliyobaki ibadilishwe sehemu rasmi.
5. Uhamiaji na afya Kasumulu: vyeti vya homa ya manjano viwe tayari.
6. Forodha Tanzania: toeni orodha ya vyombo iliyogongwa muhuri mlipotoka Tanzania. Bila hiyo, spika zenu wenyewe zinaweza kuonekana ni bidhaa mpya.

Msitoe rushwa, hata mkiwa mmechoka na watoto wanalia. Ombeni risiti kwa kila shilingi. Mara nyingi neno hilo pekee hufupisha mazungumzo.

Kutoka Kasumulu hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 100 za kupanda, na milima ya Tukuyu ina ukungu na malori. Mkichelewa, laleni Kyela au Tukuyu. Dereva aliyekesha kwenye sherehe ya kuaga asishike usukani.

## Hatua ya 10: Baada ya kufika

Ripoti iandikwe ndani ya wiki mbili, kurasa tatu zinatosha: fedha, watu, mali, ahadi. Nakala iende Malawi pia, ili wenyeji waone mlichokisema juu yao.

Wenye dawa za kinga waendelee nazo: doksisaiklini kwa wiki nne baada ya kutoka, atovakwoni na proguanili kwa siku saba. Yeyote atakayepata homa ndani ya miezi mitatu apimwe malaria siku hiyo hiyo, na amwambie daktari alikuwa kando ya ziwa Nyasa.

Walioingia ziwani wapimwe kichocho baada ya wiki sita hadi nane. Kupima mapema hakusaidii, kwa kuwa mayai ya minyoo huwa hayajaonekana bado. Katibu achukue ile orodha ya ubatizo, awapigie mmoja mmoja.

Simu ya kwanza kwa mchungaji mwenyeji ipigwe siku ya 30, na ya pili siku ya 90. Msiulize "mnaendeleaje", maana atajibu "vizuri" kwa adabu. Fungueni daftari, mmuulize kwa majina: huyu bado anakuja, yule mjane amepata mtu wa kumlimia, kijana yule amerudi shule. Waliopotea aandike, na walezi wao waende kuwatafuta kabla ya masika, kwa sababu mito ikijaa baadhi ya vijiji havifikiki. Katika simu hiyo ya pili mpeni pia jibu la lile fungu la ahadi lililokuwa likisubiri baraza, na kama ni hapana, kiongozi alitamke mwenyewe.